Maegesho Yaliyogeuka Njia ya Langalanga

Hard Rock Stadium uko Miami Gardens, mji ulio kaskazini mwa Miami katika jimbo la Florida, Marekani. Ni makao ya klabu ya Miami Dolphins inayocheza mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi na kuvaliwa kofia ngumu, na kwa zaidi ya miaka 30 ya mwanzo eneo pana la lami lililouzunguka halikuwa na kazi nyingine kubwa zaidi ya kuegesha magari ya mashabiki. Tangu Mei 2022 eneo hilo lina njia ya mbio ya kilomita 5.412 yenye kona 19. Inauzunguka uwanja wote, na kila mwaka magari ya langalanga, yaani Formula One, hushindana hapo kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa. Jina lake rasmi ni Miami International Autodrome.

Njia hiyo haieleweki bila kuujua uwanja wenyewe. Ulifunguliwa mwaka 1987 kwa jina la Joe Robbie, mmiliki wa kwanza wa Dolphins, aliyeujenga kwa takriban dola milioni 115 bila kutegemea fedha za umma. Jambo hilo lilikuwa geni wakati huo, kwa kuwa miji mingi ya Marekani ilikuwa ikizijengea klabu viwanja kwa kodi za wananchi ili zisihame. Robbie alipata mtaji wake kwa kuuza mapema vyumba vya kifahari na viti vya daraja la juu. Aliupanua uwanja makusudi ili siku moja ufae pia kwa besiboli, na kweli timu ya Florida Marlins ilichezea hapo kuanzia 1993 hadi 2011. Kwa hiyo fikra ya kuufanya uwanja mmoja ubebe michezo mingi ilikuwapo tangu siku ya msingi.

Mmiliki wa sasa, Stephen Ross, ni tajiri aliyejipatia mali yake katika ujenzi na biashara ya majengo, na mtu wa aina hiyo hutazama ardhi iliyolala kwa jicho tofauti. Katikati ya miaka ya 2010 aliufanyia uwanja ukarabati mkubwa uliogharimu zaidi ya dola milioni 500, na paa jipya la kuwakinga watazamaji na jua la Florida lilikamilika mwaka 2016. Idadi ya viti ilipunguzwa kutoka kama 75,000 hadi kama 65,000, ila vilivyobaki vikawa bora na ghali zaidi. Ross alizitoa fedha hizo mfukoni mwake, naye akapata makubaliano na Kaunti ya Miami-Dade mwaka 2014 kwamba kaunti itamlipa tuzo kila atakapoleta tukio kubwa, kama vile fainali ya Super Bowl au mechi za Kombe la Dunia.

Makubaliano hayo yanaeleza mengi yaliyofuata. Klabu ya ligi ya NFL hucheza nyumbani mara nane au tisa tu katika msimu wa kawaida. Hata ukiongeza mechi za majaribio, za vyuo vikuu, za soka na matamasha ya muziki, uwanja wa mamia ya mamilioni ya dola hubaki mtupu sehemu kubwa ya mwaka, huku kodi, bima na matengenezo yakiendelea kulipwa. Mwaka 2019 mashindano ya tenisi ya Miami Open yaliondoka kisiwani Key Biscayne yakahamia hapo. Uwanja mkuu wa tenisi ukawa unajengwa kwa muda ndani ya uwanja wa mpira, na viwanja vingine vingi vikajengwa nje kwenye yale maegesho. Tenisi ilithibitisha kwamba ile lami ya nje inaweza kuzaa fedha, na langalanga ikaja kupita katika mlango uliokwisha kufunguliwa.

Upande wa langalanga nao ulikuwa na haja zake. Kampuni ya Kimarekani Liberty Media ilikamilisha ununuzi wa Formula One mwezi Januari 2017, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuukamata umma wa Marekani, ambako mchezo huo ulikuwa umetangatanga kwa miongo kadhaa bila makazi ya kudumu. Indianapolis iliandaa mbio kuanzia 2000 hadi 2007. Austin, Texas, ilianza mwaka 2012 kwa njia iliyojengwa mahususi. Liberty ilitaka miji ambayo majina yake pekee huuza tiketi, na Miami ilikuwa juu kabisa ya orodha.

Mpango wa awali haukuutaja uwanja. Mwaka 2018 waandaaji walipendekeza mbio katikati ya jiji, kando ya bahari, kwenye barabara ya Biscayne na daraja la kwenda bandarini. Kwa picha za televisheni hakuna ambacho kingeshinda hilo, kwa maana minara ya vioo, meli za kitalii na maji ya buluu vyote vingekuwamo. Miami pia ilikuwa na historia ya magari kukimbia mitaani, kwani mwaka 1983 mfanyabiashara Ralph Sanchez alianzisha mbio za magari katikati ya jiji hilohilo. Lakini kati ya 1983 na 2018 katikati ya Miami paligeuka kuwa makazi ya maelfu ya watu wanaoishi ghorofani. Kufunga barabara zao kwa wiki kadhaa, kupitisha magari bandarini, na kupatanisha madai ya jiji, kaunti, bandari na wenye hoteli kuligeuka mzigo usiobebeka. Mwaka 2019 mpango huo ukaachwa, na Ross akatoa uwanja wake.

Ipo njia nyingine ya mbio kusini mwa kaunti hiyohiyo, Homestead-Miami Speedway, ambayo Sanchez huyohuyo aliijenga na kuifungua mwaka 1995 baada ya kimbunga Andrew kuusambaratisha mji wa Homestead mwaka 1992. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini langalanga haikupelekwa huko. Homestead ni njia ya duara inayotumiwa zaidi na magari ya NASCAR, tena iko mbali na hoteli na fukwe ambazo ndizo wageni wa langalanga huzifuata. Wanaonunua tiketi za maelfu ya dola hawataki kulala pembezoni mwa mashamba.

Katika eneo la uwanja, matatizo mengi ya katikati ya jiji yaliyeyuka kwa sababu moja tu. Mwenye ardhi alikuwa mmoja, na alikuwa mtu yuleyule anayetaka mbio. Barabara za kuingilia maelfu ya magari kwa siku moja zilikuwapo tayari, vyoo na majiko ya kulisha umati vilikuwapo, na polisi wa eneo walikuwa na uzoefu wa siku za Super Bowl, fainali ambayo uwanja huo uliiandaa kwa mara ya sita mwaka 2020. Kilichobaki kilikuwa majirani.

Miami Gardens ni mji wa watu wapatao 110,000, wengi wao Wamarekani weusi, na ulipata hadhi ya kujitawala mwaka 2003. Sehemu kubwa ya nyumba zake ni za familia za kipato cha kati. Baadhi ya wakazi walikuwa wameupinga uwanja huo wenyewe katika miaka ya 1980, kwa hiyo habari za magari ya mbio ziliwakuta watu wenye kumbukumbu na wenye mawakili. Betty Ferguson, aliyewahi kuwa kamishna wa kaunti, aliongoza upinzani. Hoja zao zilikuwa kelele za injini, moshi, msongamano wa magari, na swali zito kuliko yote: kwa nini kero iliyokataliwa na wakazi matajiri wa katikati ya jiji isogezwe mlangoni pa watu weusi?

Swali hilo halikuwahi kujibiwa vizuri na waandaaji, wala haliwezi kufutwa kwa takwimu za watalii. Walichofanya ni kurekebisha mpango. Mchoro wa kwanza ulikuwa unaitumia barabara ya umma ya NW 199th Street, iliyo kusini mwa uwanja. Sehemu hiyo iliondolewa, na njia yote ikarudishwa ndani ya eneo la uwanja, hatua iliyopunguza pia idadi ya vibali vilivyohitajika kutoka serikalini. Waandaaji waliahidi kwamba magari hayatawashwa wakati watoto wako darasani, ndiyo maana mazoezi ya Ijumaa yalisogezwa hadi baada ya masomo. Ikaongezwa ahadi ya dola milioni 5 kwa ajili ya jamii, pamoja na tiketi za bei nafuu kwa wakazi na nafasi za mafunzo kwa vijana.

Baraza la mji lilipitisha mpango huo tarehe 14 Aprili 2021. Siku nne baadaye Formula One ilitangaza mkataba wa miaka kumi, wakati mbio nyingine zikifanyika Imola, Italia. Wakazi waliopinga waliendelea mahakamani wakidai haki zao za kiraia zimevunjwa na kwamba kelele zingedhuru afya zao, lakini mwezi Aprili 2022, wiki chache kabla ya mbio za kwanza, jaji alikataa kutoa zuio.

Kazi ya kuchora njia ilipewa kampuni ya Kiingereza, Apex Circuit Design. Michoro 36 ilijaribiwa kabla ya mmoja kuchaguliwa, na idadi hiyo inaeleweka ukiangalia masharti yaliyokuwapo. Katika jangwa au shambani, mchoraji huanza na karatasi nyeupe. Hapa alianza na kitu kikubwa cha duara katikati, ambacho hakiwezi kusogezwa hata hatua moja, kisha viwanja vya tenisi, mifereji ya maji, nguzo za barabara ya juu na mageti ya dharura. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lina masharti yake pia. Njia ya langalanga iwe na urefu wa angalau kilomita 3.5, sehemu yoyote iliyonyooka isizidi kilomita 2, mahali pa kuanzia pawe na upana usiopungua mita 15, na kila kona iwe na nafasi au kizuizi kinacholingana na kasi ya gari linalofika hapo. Leseni ya daraja la kwanza, ambayo bila hiyo Formula One haiwezi kukimbia, hutolewa baada ya wakaguzi kuona yote hayo kwa macho.

Matokeo yake ni njia inayokimbiwa kinyume cha mwelekeo wa mishale ya saa, yenye tabia mbili zisizofanana. Upande mmoja una kona pana zinazofuatana, za nne hadi za nane, ambako gari hupita kwa kasi na dereva huhisi hewa ikiligandamiza chini. Kisha huja sehemu ndefu inayoishia kona ya 11, mahali pazuri pa kumpita mpinzani wakati wa kufunga breki. Baada ya hapo njia hujikunja ghafla. Kona za 11 hadi 16 ni za polepole, zimebanwa, na kona ya 14 na ya 15 ziko karibu na barabara za juu zinazounganisha uwanja na barabara kuu ya Turnpike. Njia hupita chini ya madaraja hayo, hupanda na kushuka, na dereva huingia kwenye kona asiyoiona mwisho wake. Florida ni nchi tambarare kiasi kwamba kilima hicho kidogo kinatokana na miundombinu ya barabara tu, si maumbile. Kutoka kona ya 16 magari hufunguka tena kwenye sehemu ndefu zaidi iliyonyooka ya njia hiyo, inayoishia kona ya 17.

Sehemu ile ya kati, iliyobanwa, imelaumiwa na madereva wengi tangu mwaka wa kwanza. Lawama hiyo ni ya haki, lakini ina asili yake. Mchoraji alihitaji kuyarudisha magari upande wa pili wa uwanja, na nafasi iliyobaki kati ya nguzo na mpaka wa kiwanja haikuruhusu kitu kingine. Ubaya wa Miami kama njia ya mbio unatoka mahali palepale unapotoka uzuri wake kama biashara.

Ujenzi ulianza mwaka 2021 na ulipaswa kwisha Mei 2022. Hakuna shughuli iliyosimamishwa kuupisha. Dolphins walicheza msimu wao wote wa 2021, nusu fainali ya kitaifa ya mpira wa vyuo vikuu ilifanyika hapo tarehe 31 Desemba, na Miami Open ikachukua eneo mwezi Machi. Mafundi walifanya kazi wakizunguka ratiba hizo. Jengo la kudumu la gereji za timu lilisimamishwa kando ya mahali pa kuanzia, vizuizi vya zege na nyavu za chuma vikapangwa, na madaraja ya waenda kwa miguu yakavushwa juu ya lami. Waandaaji waliita njia hiyo ya muda, lakini kwa ubora wa kudumu. Usemi huo ulikuwa na maana ya kibiashara, kwani kinachobomolewa baada ya mbio huacha maegesho, na kinachobaki hupunguza gharama za mwaka unaofuata.

Jambo lililowashinda wajenzi mwaka wa kwanza lilikuwa la chini kabisa, yaani lami yenyewe. Lami ya langalanga si ile ya barabara ya kawaida. Mawe yake huchaguliwa kwa ugumu na umbo, kwa sababu magari hayo huivuta kwa nguvu inayoweza kung'oa kokoto. Huko Miami, katika joto la Mei ambalo hupandisha joto la lami kupita nyuzi 50 za Selsiasi, uso wa njia ulianza kumeguka tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Kwenye mkondo ambao kila dereva huufuata lami ilisafishwa na matairi ikawa na mshiko mzuri. Hatua moja nje ya mkondo huo palikuwa na vumbi na chembe za mawe, na aliyethubutu kumpita mwenzake kwa pembeni aliteleza. Njia iliyochorwa ili magari yapitane ikawa inamwadhibu anayejaribu kupita.

Tatizo la pili lilikuwa ukuta wa zege kwenye kona ya 14. Carlos Sainz wa Ferrari aliugonga siku ya Ijumaa, na Esteban Ocon wa Alpine akaugonga Jumamosi karibu mahali palepale, kwa kishindo kilichopasua fremu ya gari lake na kumkosesha mbio za kupanga nafasi. Wote wawili walilalamika kwamba ajali zilionekana ndogo ila maumivu yalikuwa makubwa, na madereva waliomba ukuta ufunikwe kwa vizuizi laini vya kufyonza mshtuko. FIA haikukubali kubadilisha kitu wikiendi hiyo. Uamuzi huo ni mgumu kuutetea. Sababu ya kuweka kizuizi cha aina hiyo ilikuwa imeshajitokeza mara mbili.

Mbio zenyewe, tarehe 8 Mei 2022, zilikuwa za mizunguko 57. Charles Leclerc alianza mbele na Max Verstappen akampita mzunguko wa tisa. Kishindo cha mwisho kilikuja baada ya Lando Norris na Pierre Gasly kugongana, gari la usalama likaingia, na Leclerc akapata nafasi ya kumkaribia tena Verstappen bila kumpata. Verstappen akawa mshindi wa kwanza wa Miami. Kwa siku tatu watazamaji walizidi 240,000, na runinga ya ABC ilipata wastani wa watu wapatao milioni 2.6, idadi ambayo langalanga haikuwahi kuifikia Marekani katika matangazo ya moja kwa moja.

Nje ya Marekani, hata hivyo, kilichozungumzwa zaidi ni bandari ya bandia. Kwa kuwa uwanja uko kilomita nyingi kutoka baharini, waandaaji waliweka boti halisi juu ya sakafu iliyofanywa ifanane na maji, karibu na kona za saba na nane, ili watazamaji wenye fedha wakae juu yake kana kwamba wako Monaco. Mtandaoni ilichekwa wiki nzima. Ilikuwa kejeli iliyostahiliwa, ingawa ilionyesha waziwazi hesabu iliyofanywa, kwamba wateja wa Miami walinunua mandhari kwanza na mbio baadaye. Ufuo wa mchanga wenye mabwawa ya kuogelea uliwekwa sehemu nyingine ya njia kwa sababu hiyohiyo, na vyote viwili vilirudi miaka iliyofuata.

Mwaka 2023 njia yote iliwekwa lami mpya, na malalamiko ya kokoto yakaisha. Badiliko la maana zaidi halikuhusu lami. Mwaka wa kwanza timu zilikuwa zimebanana nje, katika eneo la nyuma ya gereji lililogeuka tanuri mchana. Mwaka 2023 ofisi na migahawa ya timu zikahamishiwa ndani ya uwanja, juu ya nyasi ambako Dolphins hucheza, na wenye tiketi waliokaa kwenye majukwaa waliweza kuwatazama madereva na mafundi wakipita chini yao. Hakuna njia nyingine ya langalanga duniani inayoweza kufanya hivyo. Hapo ndipo wazo la kuweka mbio kwenye uwanja lilipoanza kuzaa kitu kipya cha kimichezo, si cha kifedha tu, kwa sababu shabiki aliyelipa kidogo alipata kuona sehemu ya mchezo ambayo kwa kawaida hufichwa nyuma ya ukuta na walinzi. Verstappen alishinda tena mwaka huo, safari hii akitokea nafasi ya tisa, jambo lililoonyesha kwamba lami mpya ilikuwa inaruhusu kupitana. Muda wake bora wa mzunguko katika mbio hizo ulikuwa dakika 1 na sekunde 29.708. Mwaka 2024 Norris alipata ushindi wake wa kwanza wa langalanga hapo, na mwaka 2025 akashinda Oscar Piastri. Tangu 2024 wikiendi ya Miami huwa pia na mbio fupi za Jumamosi.

Ugumu wa kila mwaka umo kwenye kalenda. Miami Open humalizika mwishoni mwa Machi au siku za mwanzo za Aprili. Hapo jukwaa la tenisi la ndani hubomolewa na nyavu za viwanja vya nje hupisha majukwaa ya mbio, na kabla ya Mei mosi magari huwa yanawasili. Baada ya bendera ya mwisho, kila kitu hugeuzwa tena kabla msimu wa mpira haujaanza Agosti. Mwaka 2026 mzigo ulipangwa kuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa uwanja ulipewa mechi saba za Kombe la Dunia, ikiwemo ya mshindi wa tatu, wiki chache tu baada ya langalanga. Wafanyakazi wanaobeba vyuma na viti kati ya matukio hayo hawatajwi popote katika matangazo, ingawa mpango mzima umewekwa mabegani mwao.

Miami haikuwa ya kwanza kuweka magari uwanjani. Bowman Gray Stadium, katika mji wa Winston-Salem, North Carolina, una njia fupi ya robo maili inayouzunguka uwanja wa mpira, na mbio za NASCAR zimekuwa zikifanyika hapo tangu 1949. Wakati Miami ikijengwa, NASCAR nayo ilikuwa ikitandaza lami ndani ya Los Angeles Memorial Coliseum, uwanja wa Olimpiki za 1932 na 1984. Njia hiyo ya mita kama 400 ilitumika kuanzia Februari 2022 hadi 2024, ikiondolewa kila baada ya mbio ili nyasi zirudi. Gharama ya kuweka na kuondoa ilikuwa kubwa mno kwa usiku mmoja wa mashindano, na mwaka 2025 mbio hizo zikapelekwa Bowman Gray, ambako lami haihitaji kuondolewa. Katika Jiji la Mexico mambo yalikwenda kinyume, kwani mwaka 2015 njia ya langalanga ilipindishwa ili ipite ndani ya uwanja wa zamani wa besiboli, uliokuwa ukiitwa Foro Sol, na kelele za mashabiki waliojaa humo zimekuwa alama ya mbio hizo. Afrika Mashariki nayo ina mfano wake mdogo. Safari Rally iliporejea kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, hatua ya ufunguzi ilifanyika Kasarani, Nairobi, kwenye njia iliyotengenezwa jirani na uwanja wa Moi, ili wakazi wa jiji wayaone magari kabla hayajaelekea Naivasha.

Tofauti kati ya mifano hiyo na Miami ni ukubwa. Los Angeles na Kasarani ziliazima uwanja kwa siku chache. Miami imeugeuza uwanja kuwa kiini cha mashine yenye mapato ya mwaka mzima, na lami ya njia imekuwa mali ya kudumu kando ya viti na vyumba vya wageni. Waandaaji wametangaza kwamba mbio za 2022 zililetea eneo hilo shughuli za kiuchumi za takriban dola milioni 350, na idadi iliyotolewa kwa mwaka uliofuata ilikuwa kubwa zaidi. Hesabu za aina hiyo hufanywa na wanaozihitaji na zinapaswa kusomwa kwa tahadhari, kwani mgeni anayelala hotelini kwa ajili ya mbio mara nyingi huchukua chumba ambacho mtalii mwingine angekichukua. Mapato ya tiketi hayana ubishi. Mwaka 2024 watazamaji wa siku tatu walikaribia 275,000, na bei za Miami ni miongoni mwa za juu kabisa katika kalenda ya langalanga.

Tarehe 2 Mei 2025, siku ya mazoezi ya mbio za nne, Formula One ilitangaza kuuongeza mkataba wa Miami kwa miaka kumi, hadi 2041. Hakuna njia nyingine wakati huo iliyokuwa na mkataba unaofika mbali hivyo. Kwa waandaaji ni ishara ya uthabiti. Kwa mji wa Miami Gardens ni miaka mingine kumi ya kufunga mitaa ya pembeni kila Mei, na ahadi za tiketi za bei nafuu, mafunzo ya vijana na ukimya wa saa za masomo zitahitaji kusimamiwa na mabaraza ya mji ambayo wapiga kura bado hawajayachagua.